Radi Haibaki Mwilini

Jumapili, 6 Oktoba 2013

Nimerudi jana kutoka Kibondo mjini na boksi la vitabu, mabango yaliyoviringishwa, na mafua. Semina ilikuwa ya sisi tunaojitolea kufundisha kisomo cha watu wazima, na mada ilikuwa moja tu: kujikinga na radi. Nesi mmoja mcheshi alitufundisha hata kumrudishia pumzi mtu aliyepigwa. Mwezeshaji akasema kila mwalimu aandike shajara ya msimu mzima, mvua ilinyesha lini, radi ilipiga wapi, watu walifanya nini. Basi nimeanza. Lakini najijua, siwezi kuandika habari za mawingu tu bila kuandika za watu.

Mume wangu Saady amepokea boksi, akalipima kwa mkono kama mfuko wa sukari. "Mama Kudra, vitabu vyote hivi vya radi? Huku Kumsenga watu wanaijua radi kuliko mvua."

Kweli wanaijua. Msimu uliopita ilimuua mama mmoja na binti yake shambani, huko juu karibu na kisima. Walilala pale hadi jioni bila kuguswa, maana hapa mtu aliyepigwa na radi haguswi mpaka aitwe Mzee Tharsisi. Mimi ni mtu wa Ujiji, nimeolewa huku miaka tisa sasa, na hilo bado halijaniingia kichwani.

Jumatano, 9 Oktoba

Darasa la kwanza. Tunakaa kwenye chumba cha ghala la zamani la kahawa, kilichopakana na mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa inabidi nipige kelele kama mnadi wa mitumba.

Nikagawa vitabu vipya kwa furaha. Nikasoma ukurasa wa kwanza: "Radi ni mtiririko wa umeme wa angahewa utokanao na mrundikano wa chaji kinzani." Kinamama wakanitazama. Nikasoma tena, polepole zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa mwendo.

Pelagia akanyoosha mkono. Huyo Pelagia ni mke wa Melkiadi, mwanamke mnene wa sauti nene, na tangu mwaka jana ananichosha. Kila ninachosema ana neno. "Mwalimu," akasema, "hicho kitabu kinaongea na nani?"

"Kinaongea na sisi."

"Hapana. Sisi hakijatuona."

Wenzake wakacheka hadi mwingine akashika mbavu. Nikafunga kitabu, tukafanya silabi. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala. Watu wote wako shambani wanapanda maharage.

Jumatano, 16 Oktoba

Iddi. Saady alichinja mbuzi, nikapeleka nyama kwa majirani wote, Waislamu na Wakristo. Pelagia akanirudishia bakuli likiwa limejaa uyoga wa mvua ya kwanza, ule mweupe mkubwa. Hakuna kitu kitamu kama ule uyoga ukipikwa na karanga. Mama mkwe, Bi Mwanahawa, alikula mpaka akalegeza mkanda wa khanga.

Alasiri ikanguruma. Mama mkwe akafunika kioo cha kabati kwa shuka na kumvua Kudra gauni lake jekundu la sikukuu, ati radi hupenda wekundu. Mtoto akalia. Nikasema, "Mama, semina imesema rangi ya nguo haina neno." Akanijibu, "Semina imekuja juzi. Mimi nimeishi na ngurumo miaka yote hii, na niko hai." Kudra akala biriani akiwa amevaa kishimizi tu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo Mzee Tharsisi mwenyewe amekuja dukani kwetu. Ni mrina asali, anaishi peke yake juu ya kilima cha upande wa Nyabibuye, na karibu kila paa hapa kijijini lina kifurushi chake cha mizizi kilichofungwa kwenye boriti. Anayefungiwa hutoa kuku. Wanasema radi ni yake, hutoka kwake na hurudi kwake, jogoo mwekundu anayemfuga mawinguni.

"Mwakeye," akasalimu kwa Kiha, kwa adabu. Akanunua betri za redio. Kisha akasimama akitazama bango nililobandika mlangoni, picha ya mtu chini ya mti na alama kubwa ya kukataza.

"Mwalimu, nasikia unafundisha watu kuizuia inkuba, radi yenyewe."

"Kujikinga nayo, mzee. Kuizuia hakuna awezaye."

"Hakuna awezaye," akarudia, akitabasamu kidogo. Akaondoka na betri zake. Nilipata hasira. Nilimwona mjanja tu anayekula kuku wa watu waoga.

Jumamosi, 2 Novemba

Kumbikumbi wengi jana jioni. Leo nyumba nzima inanuka kukaanga.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefikiria sana swali la Pelagia. Leo nimeingia darasani bila kile kitabu. Nikawaambia, "Nitawaeleza nilichojifunza Kibondo, kisha ninyi mtaniambia tuandike nini, kwa maneno yenu."

Nikaeleza: toka shambani ukisikia ngurumo ya kwanza, hata ikiwa mbali. Usikimbilie mti. Msikusanyike pamoja mkiwa nje, tawanyikeni. Ukikosa nyumba, chuchumaa bondeni, miguu pamoja. Ndani, kaeni katikati, mbali na kuta na mlango. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na aliyepigwa, mwili wake hauna umeme tena, anashikika. Kama hapumui, anasaidiwa hapo hapo.

Hapo kwenye kushika pakazuka kelele. Mama mmoja akasimama kabisa. "Mwalimu, ukimshika inakurukia wewe!"

"Haibaki mwilini. Imepita, imeingia ardhini."

Pelagia aliwaacha wenzake wapige kelele. Kisha akauliza kama mtu anayepima nguo, "Kama moto wa kiberiti? Ukishazimika, kijiti unakishika?"

"Kama hivyo."

"Basi andika: Radi haibaki mwilini. Mshike."

Nikaandika ubaoni. Nilitaka kurefusha, nieleze vizuri zaidi, lakini nilipoitazama nikaona haina pa kuongezwa. Kila mmoja akaisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, na wote wakaiweza. Mama ambaye hajawahi kusoma sentensi nzima aliisoma, akaweka mkono mdomoni.

Tukafanya mazoezi ya kusukuma kifua kwa gunia la pumba. Ilipofika zamu ya Pelagia, gunia likapasuka. Pumba zikajaa kwenye nywele, kwenye khanga, kwenye chaki. Fundi wa mashine akaja kuchungulia nani kafa. Tulicheka hadi machozi. Sina hakika kama naweza kuendelea kumchukia yule mwanamke.

Ijumaa, 8 Novemba

Saady ametoa kopo la rangi nyeusi iliyobaki alipopaka milango. Tumeandika sentensi zote tulizotunga darasani ukutani, upande wa nje, pale watu wanapongoja unga wao. Herufi zimepinda kidogo kuelekea chini. Zinasomeka.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo ni siku mbaya, na imeisha salama. Niiandike yote.

Mchana radi ilipiga mkaratusi ulio nyuma ya nyumba ya Melkiadi na kuua mbuzi wake wote waliokuwa wamejikinga chini yake. Si siri kwamba Melkiadi na Mzee Tharsisi waligombana juma lililopita. Mzee alikuwa na mzinga kwenye mti wa Melkiadi, na Melkiadi aliushusha bila kumwambia. Kwa hiyo mbuzi hawajapoa, tayari kijiji kizima kinajua nani kawaua.

Nilikuwa nampimia mteja sukari walipoingia vijana, kundi zima, wakiwa wamelowa. Wa mbele akaweka kidumu juu ya kaunta. "Bro Saady, mafuta ya taa. Jaza."

Saady akawatazama. Hawakuwa na vibatari, hawakuwa na kelele za kawaida za vijana. "Mnapeleka wapi?"

"Wewe jaza tu. Kuna mtu anahama leo."

Pipa la mafuta lilikuwa pale pale, nusu yake linaonekana nyuma ya mlango. Saady akafuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu. "Yamekwisha," akasema.

"Pipa hilo hapo!"

"Nimesema yamekwisha. Na yakiwepo kesho, wewe sikuuzii. Mkitaka kunichomea duka, mama yangu yuko ndani anaswali, mwambieni kwanza yeye."

Mume wangu ni mtu wa mizaha, na leo nimemwona ni mtu wa namna nyingine pia. Wakaondoka wakitukana, wakaelekea barabara ya kilimani. Mafuta yanapatikana kwingine.

Nikakimbilia kwa Mtendaji wa kijiji, Bwana Venanti. Mlango umefungwa, yuko Kibondo kwenye kikao. Nikampigia simu, akasema anapanda pikipiki sasa hivi. Hapo sasa nikakimbilia kwa Pelagia, hata sijui kwa nini kwake. Nilimkuta anawatazama mbuzi wake wamelala tope, miguu imenyooka.

"Wanakwenda kumchoma mzee," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. Akafunga khanga kiunoni. "Kwa mbuzi wangu mimi?"

Tulifika kwa Tharsisi kwa njia ya mkato, tukitambaa kwenye utelezi, kabla ya vijana, waliochelewa wakitafuta mafuta. Mlango ulikuwa wazi. Yule mzee, mwenye radi, alikuwa amekaa sakafuni katikati ya chumba, magoti kifuani, ameziba masikio kwa viganja. Ngurumo zilikuwa bado zinazunguka mbali. Alikuwa anaogopa ngurumo, kama mwanangu Kudra.

Vijana wakafika. Pelagia akasimama mlangoni, akaujaza wote.

"Mbuzi ni wa nani?" akauliza.

Wa mbele akahamishia kidumu mkono wa pili.

"Nimeuliza mbuzi ni wa nani!"

"Ni wako, mama."

"Nani aliwaambia ninalia? Nani nilimtuma? Kama huyu mzee ndiye kaituma, aligombana na nani, na Melkiadi au na mbuzi? Mbona Melkiadi yuko nyumbani anakula ugali? Mbuzi walisimama chini ya mti mrefu kuliko yote. Imeandikwa ukutani pale mashineni, nendeni mkasome. Wewe umefika darasa la saba, soma uwasomee na wenzako!"

Mmoja akacheka bila kutaka, na hapo nikajua yamekwisha. Hasira ya kundi ikishaingiwa na kicheko haisimami tena. Bwana Venanti alipofika na pikipiki yake, matope hadi kifuani, walikuwa wamekaa kwenye majani wanabishana kama nyama ya mbuzi wale inalika.

Ndani, Mzee Tharsisi alishika kikombe cha maji kwa mikono miwili, maji yakimwagika. Akaniambia bila kunitazama, "Mwalimu, mimi sikuwahi kusema radi ni yangu. Walisema wao. Mimi nilinyamaza tu. Kisha wakaanza kuleta kuku."

Nikamshikia kikombe.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua kutwa. Melkiadi amepita dukani akanunua chumvi, hakunisalimu. Mbuzi wanakaushwa.

Jumatano, 20 Novemba

Wanafunzi wamekuwa wengi kuliko viti. Wengine wanasimama mlangoni, wanasema wanangoja unga tu.

Alhamisi, 28 Novemba

Jana Melkiadi alimfuata mkewe hadi darasani. Akasimama mlangoni, jembe begani, akasema mbele ya watu wote, "Pelagia, palizi haijaisha. Hapa mnafundishwa kuongoza mawingu?"

Pelagia akamaliza kwanza mstari aliokuwa anaandika. Akaweka nukta. Kisha akasema, "Nakuja. Ila soma hapo ukutani ukitoka, imekuandikia wewe."

"Mimi sisomi maneno ya wanawake."

Akaondoka. Pelagia alimfuata, shingo imenyooka. Walipotoka, mama mmoja akasema, "Melkiadi hajui kusoma kabisa. Ndiyo maana." Sikulijua hilo. Miaka tisa nimemwona mkorofi tu, kumbe kila akipita pale mashineni ukuta unamsema naye hausikii.

Jumanne, 3 Desemba

Kudra ana jino linalotikisika. Saady amepata mzigo wa mabuti ya mpira, yamekwisha siku hiyo hiyo.

Jumatano, 11 Desemba

Leo silali kabla sijaandika.

Alasiri tulikuwa darasani. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Nyabibuye tangu adhuhuri. Ikanguruma, tukakaa katikati ya chumba, tukaanza kusomeana. Kupitia mlangoni tuliona watu wakitoka mashambani, wengine mbio, wengine wakiburuta miguu. Wa mwisho alikuwa Melkiadi. Alikuja katikati ya uwanja, polepole kwa makusudi, jembe begani, kama mtu anayetaka tumwone kwamba hakimbii.

Sikuona ilivyompiga. Niliona weupe, na sauti ikawa ndani ya kifua changu. Nilipofumbua macho Melkiadi alikuwa chini, kofia yake mbali naye.

Pelagia alishatoka. Sheria inasema tungoje nusu saa. Hakungoja, na mimi sikungoja, na siwezi kusema tulifanya sahihi. Nasema tu tulitoka.

Watu waliokuwa wamejibanza kwenye baraza ya mashine wakamwagika nje, lakini wakasimama mbali, duara zima. "Msimguse! Mwiteni Tharsisi!" Mdogo wake Melkiadi akamkamata Pelagia mkono. "Shemeji, utakufa naye! Watoto watabaki na nani?"

Pelagia alinitazama mimi. Mimi ndiye niliyesema haibaki. Mimi ndiye niliyeandika sentensi ubaoni na kuweka nukta. Na pale, mbele ya mwili unaotoa moshi kwenye ukosi wa shati, mkono wangu uliganda. Nikasema kwa sauti, pengine kwa ajili yangu zaidi kuliko yake: "Radi haibaki mwilini."

"Mshike," akasema Pelagia. Akajinasua, akapiga magoti, akaweka viganja juu ya kifua cha mumewe na kuanza kusukuma.

Hakurukiwa na kitu. Watu waliguna kwa pamoja. Nami nikapiga magoti upande wa kichwa. Melkiadi hakuwa anapumua. Nikamwambia mdogo wake ampulizie, akarudi nyuma. Basi nikasema bismillah, nikambana pua, nikampulizia mimi mwenyewe, mume wa mwenzangu, mbele ya kijiji kizima. Pelagia anasukuma, mimi napuliza. Mvua inatupiga usoni. Naye yuko vile vile.

Kisha duara likafunguka. Mzee Tharsisi alikuwa amefika, mkoba wake wa mizizi begani, amekimbia hadi anahema. Watu wote wakamgeukia. Niliwaza, akisema sasa "Mwacheni," wataturarua tutoke. Neno moja tu lilitosha kumrudishia kijiji chake chote na kuku wake wote.

Alimtazama Melkiadi, aliyemwangushia mzinga. Akavua mkoba akauweka chini kwenye tope.

"Mwalimu, umechoka," akasema. "Mimi nina mapafu ya kupuliza moshi wa nyuki. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akainama, akapuliza, na kifua cha Melkiadi kikapanda kama mfuko. Kilichofuata sikukitarajia. Wale waliokuwa mbali wakaja. Kumwona Tharsisi ameshika kuliwafungua miguu. Mdogo mtu akaja kumpokea Pelagia kusukuma, mwingine akashika kichwa, mwingine akatandaza koti juu yetu. Tukapokezana, sijui kwa muda gani.

Melkiadi akakohoa.

Pelagia alikaa chini kwenye maji, akaanza kumtukana. Alimtukana kwa Kiha, kwa Kiswahili, kwa majina ya watakatifu, huku akimpangusa matope usoni kwa khanga.

Lori la mbao lilimpeleka Kibondo hospitali. Mama mkwe amenipokea mlangoni na taulo, alikwishasikia yote. "Umempa pumzi mume wa mtu, Zaitun?" Nikasema ndiyo, mama. Akanifuta kichwa kama mtoto. "Mungu akulipe. Kunywa uji."

Ijumaa, 13 Desemba

Simu kutoka hospitali. Melkiadi anakula. Sikio la kushoto halisikii, na mguuni ana jeraha la kuungua. Daktari ameuliza nani alimhudumia, Pelagia akasema, "Darasa."

Alhamisi, 19 Desemba

Mkutano wa kijiji. Watu walikuwa wengi kuliko siku za kugawiwa mbegu. Bwana Venanti akamwita Mzee Tharsisi aseme. Mzee alisimama akikunja kofia yake.

"Vile vifurushi paani," akasema, "ni mizizi tu. Vina harufu nzuri. Mkitaka kuvitoa, vitoeni. Kuku wenu nimeshawala, sina la kuwarudishia." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Lakini nyumba yangu iko juu. Mimi naona mvua inatoka Burundi kabla yenu, nasikia ngurumo ya kwanza ninyi bado mnaimba shambani. Nipeni kitu cha kupiga. Nikipiga, mtoke."

Bwana Venanti ametoa ringi ya lori iliyolala nyuma ya ofisi muda mrefu. Vijana waliokuja kununua mafuta ya taa ndio walioibeba hadi kilimani. Hakuna aliyewakumbusha kitu.

Ujinga wangu ni huu: nilimwona mzee huyo tapeli, kisha nikamwona mwoga, na vyote viwili vilikuwa kweli. Ila mtu huyo huyo ndiye aliyeweka mkoba chini.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Pelagia ametuletea kuku mzima na mahindi mabichi ya kuchoma. Melkiadi amerudi nyumbani, anaongea kwa kupayuka kwa sababu haisikii vizuri sauti yake mwenyewe. Saady anasema sasa wale mke na mume wamelingana sauti.

Alhamisi, 2 Januari 2014

Ringi imelia mara ya kwanza. Watu walitoka wakilalamika, mvua ikapita pembeni. Walalamishi wakazidi. Pelagia akawaambia, "Bora urudi mkavu na hasira."

Jumatano, 8 Januari

Leo ringi ililia mchana, mbingu upande wetu bado jua. Watu wako katikati ya kuvuna maharage, hakuna anayetaka kuacha. Ringi haikunyamaza. Kwanza walitoka kinamama wa darasa, kila mmoja akiwavuta wenzake wa shamba la jirani, na mabonde yakaanza kumwaga watu. Walipojaa kwenye chumba chetu na kwenye mashine, jua likafa ghafla, na ikaja. Sijaona radi kama ile tangu nihamie huku. Mashamba waliyotoka yalipigwa mara kwa mara, tukiona kupitia mlangoni mistari myeupe ikishuka pale pale walipoacha maharage yao.

Pelagia aliwapanga kama magunia. "Toka ukutani! Wewe, mlangoni hapo unangoja nani? Katikati!" Na watu wazima, wanaume wenye ndevu, wakasogea. Nilihesabu nyuso kwa furaha. Wote wako ndani, nikawaza, kijiji kizima kiko ndani.

Melkiadi ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti yake ya kupayuka: "Na mzee je?"

Watu wakageuka wakimtafuta kati yao.

Ringi ilikuwa imeacha kulia. Hakuna aliyejua imeacha lini. Tulimpa kazi ya kututoa sote shambani, tukamweka juu ya kilima na kipande cha chuma mkononi, na katika sentensi zetu zote hakuna hata moja iliyomhusu yeye. Mimi ndiye mwalimu.

Melkiadi akaelekea mlangoni. Pelagia akamdaka shati. "Nusu saa."

"Yule alinipulizia!"

"Najua alichokufanyia, nilikuwepo. Nusu saa, Melkiadi. Ukifa njiani tutawabeba wawili."

Alibaki, akishika fremu ya mlango hadi akaambiwa aiachie, kisha akasimama katikati akiwa anatazama kilima. Sote tulitazama kilima. Mama mmoja alikuwa anasali rozari, mama mkwe karibu yake anavuta uradi, midomo yao ikienda pamoja.

Ngurumo zikasogea, zikawa za mbali, zikakoma. Tulingoja. Nusu saa ilipotimia Melkiadi alitoka wa kwanza, sote nyuma yake. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya barabara ya kilimani alikuwa anakuja mtu mdogo, amelowa hadi mifupa, anachechemea, kofia mkononi.

"Nilichuchumaa bondeni," akasema Mzee Tharsisi, kama mtu anayejibu mtihani. "Miguu pamoja, kama mnavyofundisha. Magoti yamekufa ganzi. Nani ana chai?"

Melkiadi akambeba mgongoni. Mzee alipinga njia nzima hadi dukani kwetu, na Melkiadi, ambaye sikio la upande huo halisikii, hakujibu.

Alhamisi, 9 Januari

Asubuhi tumepaka ukuta sentensi mpya, juu ya zote: Mpiga ringi aondoke wa kwanza. Tumekubaliana na mzee apige ngurumo ikiwa bado mbali, apige kwa nguvu, kisha ashuke mara moja hadi hapa ghalani. Asiyetoka shambani baada ya hapo, shauri lake. Melkiadi alishika kopo la rangi, Pelagia aliandika.

Mzee Tharsisi alikuja kutazama, koti la Saady likimfika magotini. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, akifuata herufi kwa kidole bila kuzigusa kwa sababu rangi ilikuwa mbichi. Kisha akaniita, akaniuliza kwa sauti ya chini ni maneno yapi kati ya yale ndiyo yeye.

Nikamwonyesha.